Masikio ya Baba

Itahari, yadi ya Ramsewak Sah, asubuhi mapema.
Mvua ya usiku bado inachuruzika ndani ya injini zilizokufa.
Kwake kilo ni kilo: nondo, mabati, kitanda cha hospitali,
vyote hupanda mzani mmoja na kushuka na bei moja.
Baba hana haraka. Anatembea juu ya lundo
kama mtu anayetafuta jamaa yake kati ya waliolala.

Nondo anaziruka. "Huo ni uji uliovaa kutu.
Uchome, uzamishe, utabaki uji."
Anachotaka ni springi za lori, zile za nyuma,
zilizobeba saruji kutoka tambarare hadi milimani
miaka ishirini, zikipinda na kurudi, zikipinda na kurudi.
Ila ya lori lililopinduka haitaki hata kwa zawadi:
ufa ulioanzia korongoni
huingia na chuma hadi jikoni kwa mtu.

Ramsewak ana jiwe la kunolea la umeme.
Cheche za nondo ni ndefu, chache, zimenyooka.
Za springi hupasuka, moja ikizaa nyingine,
kama mbegu za haradali kwenye mafuta ya moto.
"Humo kaboni ipo," husema Baba, na kuzima jiwe.

Kisha huja kazi yangu.
Miaka arobaini amepiga nyundo, nyundo nayo ikamlipa:
masikio yake yamejaa kelele isiyo na mwenyewe.
Huning'iniza springi kwa kamba, hugonga mara moja,
halafu haangalii chuma.
Huniangalia mimi.
Mlio ukienda mbali, naitikia kwa kichwa.
Ukikatika njiani, nakunja uso.
Nilianza nikiwa na miaka tisa.

Mwaka juzi, baridi inaanza, basi la Bhojpur linapiga honi,
vidole vyangu vimekufa ganzi.
Springi ya saba ililia vizuri, na mwishoni kabisa
kitu kama kikohozi cha mtu aliye chumba cha pili.
Niliitikia.

Aliifua siku mbili.
Sumaku ilipokataa kuushika ubapa uliowiva,
alichukua birika, akamimina maji kwenye makali,
shinani hadi nchani, taratibu, kama anayenywesha mgonjwa.
Tii.
Panya akikanyaga kijiti.
Hakusikia. Aliendelea kumimina,
akainua macho kuuliza,
na uso wangu, ambao yeye mwenyewe aliufundisha kusema kweli,
ukasema.

Hakugomba. Alikivunja kisu juu ya fuawe, akanionyesha ndani:
punje laini kama unga, huku na huku,
na katikati mstari mweusi, wa zamani,
wenye kutu kuliko umri wangu.

Aliyekiagiza ni mwalimu Ghimire wa kule juu.
Hununua kwetu tu, husifu kazi, huketi nje,
na maji yake huja nayo kwenye chupa.
Wahenga wanasema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.
Aliyekifua anakula wapi, hawakusema.
Baba alimwomba wiki mbili zaidi.
"Mkono wangu uliteleza," alimwambia,
na mwalimu akatikisa kichwa: uzee huo, uzee.

Leo tumegonga kumi na moja.
Ramsewak anatania kwamba nitaolewa na lori.
Basi linapiga honi, lipige.
Nasubiri mlio uishe wote, hadi nyuma yake
nisikie kunguru, na mnyororo wa mzani,
na maji yakidondoka ndani ya injini.
Baba ananiangalia.
Nainua kidole kimoja:
bado. Gonga tena.